-KI- ya Picha na -KA- ya Simulizi: Visa Vilivyo Nyuma ya Picha za Uraibu

1. Utangulizi

Katika magazeti ya Kiswahili, kama vile Taifa Leo, maneno yaandikwayo chini ya picha yana umbo moja linalorudiwa mno hata msomaji halitambui tena. "Wanafunzi wakipanda miti." "Waziri akiwahutubia wananchi." "Wavuvi wakianika nyavu." Kitenzi katika kila tungo kimechukua kiambishi -ki-, wala hakuna kitenzi kikuu kinachokitangulia. Tungo hizo zikiondolewa chini ya picha na kuandikwa peke yake katika karatasi tupu, maana yake hugeuka. "Wanafunzi wakipanda miti" huwa ni sharti, na msomaji hungoja kuambiwa litakalotokea iwapo watapanda. Picha ikirudishwa mahali pake, sharti hutoweka na tendo huonekana likiendelea. Ni dhahiri, basi, kwamba picha yenyewe ndiyo inayoshika nafasi ya kitenzi kikuu. Ni kana kwamba imesema "wanaonekana", na maneno yakamalizia "wakipanda miti".

Ama simulizi, hiyo huenda kwa kiambishi kingine. Msimulizi husema: "Walichimba mashimo, wakapanda miti, wakaitilia maji, ikanyauka." Kitenzi cha kwanza huweka wakati uliopita, na kila -ka- inayofuata hukishika mkono kilichoitangulia.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya viambishi hivi viwili na picha ambazo watu huzipiga kwa kujifurahisha. Hoja yake ni kwamba picha, hata iwe bora namna gani, hutoa -ki- peke yake. Kila -ka- inayoambatana nayo hutoka kwa mtu, na mtu huyo yafaa aulizwe ameipata wapi. Suala hili si la sarufi tupu. Siku hizi picha zilizokuwa masandukuni hutolewa na kuwekwa kwenye mtandao, zikatazamwa na maelfu ya watu wasiomjua aliyepiga wala aliyepigwa. Kila atazamaye hutaka kisa, na kisa kisipokuwapo, hutungwa.

2. Picha za uraibu na maneno yake

Neno "uraibu" kwa asili lilihusu vitu vya kutafuna au kuvuta kwa ajili ya kujiburudisha, kama vile tambuu na tumbaku. Baadaye maana yake ilipanuka, likawa jina la shughuli yoyote ambayo mtu huipenda na kuifanya katika saa zake za mapumziko. Upigaji picha haukuanza kama uraibu wa kila mtu. Wapigaji wa mwanzo walihitaji vigae vya kioo, dawa za maji na ujuzi wa kuzichanganya. Mambo yalibadilika mwaka wa 1888, George Eastman wa Marekani alipoanza kuuza kamera ya Kodak, ambayo ilikuwa na filamu ya kutosha picha 100 na ilirudishwa kiwandani nzima nzima ili picha zisafishwe huko. Mwaka wa 1900 ikafuata kamera ya sanduku iitwayo Brownie, iliyouzwa kwa dola 1. Tangu hapo mtu asiye fundi aliweza kupiga picha ya mtoto wake, ya mbwa wake, au ya barabara iliyo mbele ya nyumba yake, bila ya kuagizwa na yeyote.

Hapa pana tofauti ambayo wanaisimu yafaa waizingatie. Picha ya gazeti huzaliwa pamoja na maneno yake. Mpiga picha hutumwa, huandika majina, na mhariri huyapanga chini ya picha. Picha ya uraibu huzaliwa bila maneno. Maneno yake yamo kinywani mwa mwenyewe, naye hafikirii kuyaandika kwa sababu anajua kwamba yupo na atayasema. Albamu ya nyumbani haisomwi, bali husimuliwa. Mgeni hukaa, albamu hufunguliwa, na mwenyeji huanza: "Huyu ni shangazi, hapa alikuwa amekuja kwa arusi ya kaka yake, na siku ya pili yake mvua ikanyesha, barabara ikakatika, akakaa kwetu mwezi mzima." Katika picha hakuna mvua, hakuna barabara, wala hakuna mwezi. Kuna mwanamke aliyesimama karibu na mlango.

Yako maneno machache ambayo wenye picha waliyaandika, na mara nyingi waliyaandika mgongoni mwake: jina, tarehe, na pengine "ukumbusho kwa rafiki yangu" fulani. Msemo "kisa kilicho nyuma ya picha" ulikuwa na maana ya moja kwa moja katika hali hiyo, kwa kuwa mtu aliigeuza karatasi akakisoma. Picha hizo zinapohamishwa kwenda mtandaoni, aghalabu ni uso tu unaonakiliwa. Mgongo hubaki sandukuni, na pamoja nao hubaki ushahidi pekee ulioandikwa na mkono wa mwenyewe.

3. Kisa cha Vivian Maier

Mfano unaodhihirisha jambo hili vizuri zaidi ni ule wa Vivian Maier wa Chicago. Alizaliwa mjini New York tarehe 1 Februari 1926, mama yake akiwa Mfaransa, na sehemu ya utoto wake aliishi katika milima ya Alps huko Ufaransa, kwenye eneo la asili ya mama yake. Alirudi New York mwaka wa 1951, na mwaka wa 1956 akahamia Chicago. Kazi yake kwa miaka ipatayo 40 ilikuwa kulea watoto wa watu. Alikuwa yaya.

Katika saa zake za mapumziko, na hata alipokuwa akitembea na watoto aliowalea, alipiga picha. Mwaka wa 1952 alipata kamera ya Rolleiflex, ambayo hushikwa kifuani au tumboni na kutazamwa kwa kuinamisha kichwa. Kila mkanda wa filamu ya kamera hiyo ulitosha picha 12 za mraba. Alipiga picha za watoto wakilia, wazee wakisinzia, wanawake waliovaa manyoya, walevi na wapita njia. Alijipiga yeye mwenyewe pia, katika vioo, katika madirisha ya maduka, na katika kivuli chake kilichoanguka mbele yake. Katika miaka ya 1959 na 1960 alisafiri nchi za mbali, zikiwamo India na Misri, akiwa na kamera yake. Vilevile alinasa kwenye kanda mazungumzo yake na watu, akiwauliza maoni yao juu ya mambo ya siku zile.

Mwaka wa 2007 vitu alivyoviweka katika vyumba vya kukodi vya kuhifadhia mizigo viliuzwa mnadani kwa sababu kodi haikulipwa. Mmoja wa wanunuzi alikuwa kijana aitwaye John Maloof, aliyekuwa akitafuta picha za zamani kwa ajili ya kitabu juu ya mtaa mmoja wa Chicago. Kwa dola 400 hivi alipata negativu zipatazo 30,000, wala hakuzikuta za kumfaa katika kitabu chake. Mnunuzi mwingine aliweka chache kwenye intaneti mwaka wa 2008, lakini hazikuvuta macho mengi. Maloof aliliona jina la Vivian Maier kwenye bahasha. Alipolitafuta kwenye intaneti mwaka wa 2009, alikuta tangazo la kifo lililochapishwa siku chache tu kabla yake, kwa maana Maier alifariki tarehe 21 Aprili mwaka huo. Mnamo Oktoba Maloof aliziweka baadhi ya picha katika tovuti ya Flickr na kuwauliza watazamaji azifanyeje. Safari hii ziliitikiwa kwa kishindo.

Mwezi wa Januari 2011 picha hizo zilionyeshwa katika jumba la utamaduni la jiji la Chicago, na mwaka wa 2013 ikatokea filamu ya sinema iitwayo Finding Vivian Maier. Kufikia wakati huo zilikuwa zimejulikana negativu zaidi ya 100,000, na mamia ya mikanda ambayo haikuwa imesafishwa kamwe. Maelfu ya picha, basi, mpigaji mwenyewe hakupata kuziona.

4. -ka- zilizoongezwa

Mtazamaji wa picha hizi anaweza kuandika chini ya kila moja tungo yenye -ki- bila wasiwasi: mtoto akilia, mwanamke akivuka barabara, mwanamume akisoma gazeti. Tungo hizo zina shahidi, nayo ni picha. Lakini ulimwengu haukutosheka nazo. Ulitaka kujua mpigaji alikuwa nani, kwa nini alipiga, na kwa nini hakuonyesha. Majibu yakaanza kutolewa, na kisa kilichoenea chaweza kufupishwa hivi: "Alikuwa mpweke, hakuolewa, akalea watoto wa watu, akapiga picha kwa siri, akazificha asizione mtu."

Mfuatano huo ni wa kuvutia, nao umekamilika kisarufi. Hata hivyo kila kiungo chake hakina budi kupimwa peke yake. Kwamba hakuolewa na kwamba alilea watoto wa watu ni mambo yenye mashahidi. Kwamba alipiga picha kwa siri kunapingwa na waliokuwa watoto wakati ule, kwa maana walimwona na kamera shingoni kila siku. Kwamba alikuwa mpweke kunategemea ni nani anayeulizwa, kwa sababu miongoni mwa waliolelewa naye wako wanaomkumbuka kwa upendo na wako wanaomkumbuka kwa ukali wake.

Ama kuhusu kuficha, ushahidi uliopo unaelekea pande mbili. Ni kweli kwamba alifunga milango yake na mara nyingine hakutaja jina lake la kweli. Lakini pia ni kweli kwamba picha kadhaa zilichapwa kwenye karatasi enzi za uhai wake, na kwamba katika nyumba ya kwanza aliyoitumikia kwa muda mrefu huko Chicago alikuwa na bafu lake mwenyewe, akaligeuza chumba cha giza cha kusafishia filamu. Filamu iliyotajwa hapo juu inaonyesha barua aliyomwandikia mtu wa studio ya picha katika kijiji cha upande wa mama yake huko Ufaransa, juu ya kuchapiwa picha. Mtu akitaka, aweza kuupanga mfuatano mwingine: "Alihama nyumba ile, akakosa chumba cha giza, fedha zikawa haba, mikanda ikalundikana." Katika mfuatano huu hakuna siri hata moja. Kuna hali ya mtumishi wa nyumbani ambaye makao yake hayakuwa yake.

Picha haziwezi kuamua baina ya misururu hii miwili. Hata mpangilio wa negativu hauwezi. Katika mkanda mmoja, picha ya tano hufuata ya nne bila shaka yoyote, na mchunguzi anaweza kusema kwa hakika kwamba Maier alimpiga picha mtoto kwanza, kisha farasi. Lakini "kisha" si -ka-. "Kisha" huonyesha utangulizi na ufuatano wa wakati tu. -ka- ya simulizi hubeba zaidi ya hapo. Msikilizaji aambiwapo "alimwona mtoto, akageuka, akampiga picha farasi", huelewa kwamba tendo moja limezaa jingine, na huanza kuuliza mtoto yule alikuwa na nini hata mpigaji akageuka. Kiambishi cha silabi moja kimeleta sababu ambayo negativu haina.

Kwa upande mwingine, haifai kudai kwamba -ka- zote ni uzushi. Mwaka wa 2021 Ann Marks alichapisha wasifu wa Maier uliotegemea utafiti wa hati za familia na nyaraka za kumbukumbu za Marekani na Ufaransa. Mtu anaweza kutokubaliana na hitimisho moja au jingine la kitabu hicho, lakini njia yake ni ya haki, kwa kuwa msomaji huonyeshwa kiungo kimetoka wapi. Huo ndio mpaka unaotenganisha msimulizi na mzushi. Wote wawili hutumia -ka-, ila mmoja huweza kumtaja shahidi wake.

5. Kidole na neno "huyu"

Sehemu ya pili ya lugha inayotikiswa na safari ya picha kutoka sandukuni hadi mtandaoni ni viashiria. Mwenye albamu husema "huyu ni bibi yako", hata ikiwa bibi huyo amekwisha kufariki. Kiashiria cha karibu kinahusu sura iliyo chini ya kidole chake, si mtu aliye mbali au kaburini. Mara mazungumzo yanapoiacha karatasi na kuingia katika kisa, viashiria hubadilika. Anayetajwa tena huwa "huyo", na aliye mbali kwa wakati au mahali huwa "yule": "Huyu ni bibi yako. Bibi huyo alikuwa mfinyanzi. Siku zile za yule bibi vyungu vilikuwa na bei." Katika sentensi tatu mtu mmoja amepita katika hatua tatu, yaani kutoka karatasini hadi katika mazungumzo, na kutoka katika mazungumzo hadi katika kumbukumbu.

Mpito huu unawezekana kwa sababu msemaji na msikilizaji wamekaa mahali pamoja na kidole kipo. Mtandaoni kidole hakipo. Mtu anapoweka picha ya watu saba na kuandika "huyu ni babu", watazamaji wake huona watu saba na neno moja lisilojulikana linakoelekea. Ndipo gazeti lilipolazimika zamani kubuni utaratibu wake wa "wa tatu kutoka kushoto", ambao si wa kupendeza lakini hufanya kazi ya kidole. Mwenye picha za uraibu hana desturi hiyo, maana hakuwahi kuihitaji.

Kwa upande wa Maier upungufu huu ni mkubwa zaidi. Katika picha alizojipiga kwenye kioo, watazamaji husema "huyu ndiye yeye", lakini mwenyewe hayupo wa kusema "huyu ni mimi". Kuhusu wale wapita njia wa Chicago, wengi wao hawakuachiwa jina. Wao ni "hawa" wa daima, wasioweza kuwa "wale" kwa kuwa hakuna anayewakumbuka ndani ya picha hizo.

6. Nani mwenye kisa?

Kuhusu umiliki, sheria ya Marekani hutenganisha mambo mawili, yaani umiliki wa kitu na umiliki wa haki ya kukinakili. Aliyenunua negativu mnadani alimiliki negativu, lakini haki ya kuzitoa nakala na kuziuza ilibaki kwa mpigaji na warithi wake. Ndiyo sababu mwaka wa 2014 suala la mirathi ya Maier likafikishwa mahakamani huko Chicago, akatafutwa mrithi hata upande wa Ufaransa.

Lugha inaonyesha jambo la tatu ambalo sheria haikuligusa. Mwenye negativu si lazima awe mwenye haki ya picha, na mwenye haki ya picha si lazima awe mwenye kisa. Kisa kina wenyewe wengi: aliyepiga, aliyepigwa, aliyekuwapo, na aliyesimuliwa na aliyekuwapo. Wote hao wakinyamaza au wakifa, picha haipotei. Inayopotea ni -ka- yenye shahidi, na nafasi yake huchukuliwa na -ka- ya mtazamaji.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja walimu na watafiti wa lugha za Kiafrika. Wanafunzi wanaotumwa vijijini kukusanya hadithi, nyimbo na methali huenda na simu zenye kamera, nao hurudi na picha za wasimulizi kwa mamia. Nyingi ya picha hizo huwekwa mtandaoni kabla hata sauti haijaandikwa. Baada ya miaka michache hubaki "mzee akisimulia hadithi", tungo yenye -ki- safi, isiyo na jina la mzee, wala la kijiji, wala la hadithi. Utafiti uliogharimu safari na fedha huishia kuwa na thamani ile ile ya picha ya mpita njia asiyejulikana.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, kila picha iandamane na jina la aliyepigwa, mahali, tarehe, na jina la aliyepiga, na mgongo wa picha ya zamani unakiliwe pamoja na uso wake. Pili, mwenye picha akiwa hai, aombwe kuisimulia huku sauti yake ikinaswa, na "huyu" wake wote wafafanuliwe papo hapo. Tatu, mwandishi wa maelezo atenganishe anachokiona, alichoambiwa na anachokidhani. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kazi hiyo. "Anaonekana", "kwa mujibu wa fulani", "yasemekana" na "huenda" ni daraja nne za uhakika, na mwanafunzi aweza kufundishwa kuzitumia kama anavyofundishwa ngeli za majina. Nne, aliyepigwa aulizwe kwanza iwapo aridhia uso wake na kisa chake kwenda kwa watu asiowajua.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maneno ya Kiswahili yaandikwayo chini ya picha na maneno ya simulizi yameachana katika kiambishi kimoja, na kwamba mwachano huo unalingana na ukweli wa mambo. Picha hushuhudia tendo likitendeka. Haishuhudii lililotangulia wala lililofuata, na haijui sababu. Kisa cha Vivian Maier kimeonyesha jinsi picha zaidi ya 100,000 zinavyoweza kubaki zote katika -ki-, na jinsi watazamaji walivyo wepesi wa kuzitilia -ka- kutoka nyoyoni mwao.

Bado ziko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki picha ambazo wenyewe wangali hai, na wanaweza kuzisimulia kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi ya kuwasikiliza haihitaji mtambo mkubwa. Inahitaji mtu wa kuketi nao, kufungua albamu, na kuuliza baada ya kila picha: "Ikawaje?"